Je, 12 husomwa "kumi na mbili" kila mara?

SWALI: Binti yangu alipewa zoezi la hesabu lenye 12 ya kizio cha tatu, yaani mfumo wa kuandika namba kwa tarakimu tatu tu: 0, 1 na 2. Nilimsomea "kumi na mbili", nikamwambia ni namba shufwa kwa kuwa inaishia na 2. Mwalimu akasahihisha: ni witiri. Nani kakosea?

JIBU: Mwalimu yuko sahihi, na kosa lilianzia kwenye kusoma, hata kabla ya kufika kwenye hesabu.

Kumi ni jina la idadi, si jina la umbo "10". Kunjua vidole vya mikono yote miwili: hapo pana kumi, uviandike utakavyo. Sisi tumezoea kizio cha kumi, ndiyo maana tukiona 1 na 2 zimefuatana ulimi unakimbilia "kumi na mbili". Lakini katika kizio cha tatu hakuna nafasi ya makumi. Baada ya nafasi ya mamoja inakuja nafasi ya matatu, kisha ya matisa. Kwa hiyo 12 hiyo ni tatu moja na mamoja mawili, yaani tano. Na tano ni witiri, haigawanyiki kwa mbili popote pale.

Isome tarakimu moja moja: "moja, mbili, kwa kizio cha tatu". Vivyo hivyo 101 ya kizio cha mbili ni "moja, sufuri, moja". Ukisema "mia moja na moja" umetaja idadi nyingine kabisa, maana 101 hiyo nayo ni tano.

Hapa ndipo ninaposisitiza tofauti ya tarakimu na namba, ambayo hata waandishi wazuri huichanganya. Tarakimu ni alama; namba ni kile kinachowakilishwa na alama hizo. Ushufwa, uwitiri na utasa ni sifa za namba, kwa hiyo haziondoki ukibadilisha kizio. Kinachobadilika ni njia ya kuzitambua. Kanuni ya kuangalia tarakimu ya mwisho inatufaa kwa sababu kumi yenyewe ni shufwa. Tatu ni witiri, na tisa pia, basi katika kizio cha tatu unajumlisha tarakimu zote: 1 na 2 ni tatu, jumla ni witiri, namba ni witiri. Jaribu 11: jumla ni mbili, na namba yenyewe ni nne. Shufwa, ingawa inaishia na 1!

Kuna sifa nyingine ninayoipenda sana. Andika 121 katika kizio chochote kinachozidi mbili, utapata namba inayotokana na namba nzima kuzidishwa kwa yenyewe. Kwa kizio cha kumi ni 11 mara 11. Kwa kizio cha tatu, 121 ni kumi na sita, yaani nne mara nne. Na nne huko, kama tulivyoona, huandikwa 11.

Jambo dogo la sarufi: wengine husema "kizio cha pili". "Cha pili" hutaja mpangilio, kile kinachofuata cha kwanza. Tunapotaja idadi ya tarakimu zinazotumika, 0 na 1, mimi huandika "kizio cha mbili". Kwa tatu na kuendelea umbo ni lilelile, na muktadha ndio unaoamua.