Mtaji wenye nia njema, na swali la nani anabeba hasara

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu zinahusu fedha za wawekezaji wanaotafuta faida pamoja na manufaa ya jamii, na jinsi fedha hizo zinavyomfikia, au zinavyomkosa, mwenye biashara ndogo. Nimechagua nne na kuzifupisha.

SWALI: Mimi na mke wangu tuna mashine ya kukamua alizeti pembezoni mwa mji wa Singida. Kila mwaka ifikapo Julai tunaishiwa fedha za kununulia alizeti, ilhali wateja wa mafuta wapo hadi Machi. VICOBA yetu haiwezi kutukopesha zaidi ya milioni tatu. Benki inataka hati ya nyumba, nasi tuna karatasi ya serikali ya kijiji tu. Mfuko mmoja wa uwekezaji tulioupigia simu ulitujibu kwamba haushughuliki na kiasi kilicho chini ya dola laki tano. Sisi tunahitaji shilingi milioni 60. Huo uwekezaji wenye manufaa kwa jamii unaosifiwa kila siku ni wa nani hasa?

JIBU: Ndugu msomaji, kwa jinsi mifuko mingi ya aina hiyo ilivyoundwa, si wa biashara yenye ukubwa wa yako, na ni haki yako kuambiwa hivyo waziwazi kabla hujapoteza msimu mwingine ukiandika maombi. Jina la uwekezaji huu, kwa Kiingereza "impact investing", lilianza kutumika mwaka 2007 katika kikao kilichoitishwa na Rockefeller Foundation huko Bellagio, Italia, ingawa kazi yenyewe ni kongwe zaidi; Oikocredit ya Uholanzi, iliyotokana na juhudi za makanisa, ilianzishwa mwaka 1975 ili akiba za waumini zikopeshwe kwa vyama vya ushirika na watu wa kipato cha chini. Mwaka 2024 mtandao wa wawekezaji wa aina hii, GIIN, ulikadiria kwamba fedha zinazosimamiwa kwa lengo hilo duniani zimefikia dola trilioni 1.57. Fedha, basi, zipo.

Kinachozikwamisha ni gharama ya kuzifikisha Singida. Kabla mfuko haujatoa shilingi moja, hutuma watu wa kukagua hesabu, humlipa mwanasheria aandike mkataba, na huweka mtu wa kufuatilia kila robo mwaka, na kazi hiyo haipungui sana kwa sababu tu biashara ni ndogo. Tuseme yote hayo yanagharimu milioni 30: kwa mkopo wa bilioni moja na nusu hiyo ni asilimia mbili, lakini kwa mkopo wako ni nusu ya fedha zote. Isitoshe, mifuko mingi ina umri wa takribani miaka kumi, na ukiisha wenye fedha wanadai mtaji wao pamoja na faida. Kwa hiyo meneja wa mfuko hutafuta biashara itakayokua haraka na kuuzwa, na kinu cha alizeti kinachoilisha familia na kuwalipa vijana watatu mshahara hakikujengwa ili kiuzwe.

Ushauri wangu ni kuacha kuufuata mfuko wenyewe na kuwafuata wale ambao fedha za namna hii hupitia mikononi mwao, yaani benki, taasisi ndogo za fedha na SACCOS. Anza na PASS Trust, iliyoanzishwa mwaka 2000, ambayo hudhamini sehemu ya mikopo ya kilimo na usindikaji katika benki kwa wateja wasio na dhamana ya kutosha. Kwa mtu mwenye karatasi ya serikali ya kijiji sioni mlango ulio karibu zaidi. Mke wako naye aulize halmashauri kuhusu mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia kumi ya mapato yake ya ndani, ambapo nne kati ya hizo kumi ni za vikundi vya wanawake. Haitatosha kujaza ghala, lakini inapunguza kiasi cha kukopa kwa riba. Wale wa kausha damu, wakopeshaji wa mitaani wenye riba kubwa mno, usiwasogelee hata kwa wiki moja.

Utakapopata mtu wa kuzungumza naye, zungumzeni ratiba ya marejesho kabla ya riba. Mkopo unaodai rejesho la kwanza siku ya 30 utakulazimisha uuze mafuta mwezi Agosti, wakati kila mkamuaji anauza na dumu la lita 20 lina bei yake ya chini kabisa. Umekopa ili usubiri bei, kisha mkopo wenyewe unakukataza kusubiri. Utafiti uliofanywa Kolkata, India, na kuchapishwa mwaka 2013 uliwalinganisha wakopaji walioanza kulipa baada ya wiki mbili na walioanza baada ya miezi miwili. Waliopewa nafasi waliwekeza zaidi katika biashara, na miaka kadhaa baadaye walikuwa na faida kubwa zaidi, lakini pia walioshindwa kulipa walikuwa wengi zaidi miongoni mwao. Mkopeshaji wa kawaida anayekataa kutoa nafasi hiyo hana roho mbaya: anakwepa hasara ya wale walioshindwa. Mwekezaji anayesema amekuja kwa ajili ya jamii ndiye anayepaswa kuibeba hasara hiyo, na mimi humpima hapo kabla ya kusoma kitu kingine chochote katika vipeperushi vyake. Utakumbuka jinsi bei ya alizeti ilivyoanguka baada ya ushuru wa mafuta ya kula kutoka nje kupunguzwa katika mwaka wa fedha 2022/23: aliyejaza ghala kwa mkopo alibaki na deni la bei ya zamani na mafuta ya bei mpya.

Jambo moja la mwisho kwako. Niliwahi kukaa asubuhi nzima katika kinu kimoja kama chenu. Mafuta yalikuwa na daftari lake safi, lakini mama aliyekuwa akiwauzia wafugaji mashudu, yale mabaki ya alizeti iliyokamuliwa, aliandika mauzo hayo kwa kalamu ya risasi nyuma ya kalenda ya ukutani. Tulipoijumlisha kalenda ile, tuligundua kwamba mashudu yalikuwa yanalipa umeme wote wa kinu, na hakuna benki iliyowahi kuoneshwa. Yaandikeni mashudu, na fungueni lipa namba ya kinu pekee, ili mauzo ya mwaka mzima yatoke katika taarifa moja ya simu bila kuchanganyika na ada za watoto.

SWALI: Kiwanda chetu kidogo cha chakula cha mifugo kiko Nakuru, na wateja wetu wote ni wafugaji wa hapa. Mwekezaji kutoka Ulaya yuko tayari kutukopesha dola 50,000 kwa riba ya asilimia 9 kwa mwaka, wakati benki yetu inatutoza zaidi ya asilimia 18 kwa shilingi. Mshirika wangu anaona kukataa ni upumbavu. Wewe wasemaje?

JIBU: Mshirika wako amelinganisha riba mbili zisizo za aina moja. Mwanzoni mwa mwaka 2023 dola moja ilinunuliwa kwa takribani shilingi 123 za Kenya, na mwishoni mwa mwaka huo ilifika takribani 157. Tuseme mngechukua dola hizo mwezi Januari na kuzirudisha zote Desemba. Mngepokea shilingi 6,150,000. Mngerudisha dola 54,500, ambazo kwa bei ya Desemba ni shilingi 8,556,500. Hiyo ni zaidi ya milioni 2.4 juu ya mlichopokea, yaani asilimia 39, kwa mkopo ulioandikwa asilimia 9. Ni kweli kwamba mwaka uliofuata shilingi ilijikaza hadi karibu 129, lakini tarehe ya rejesho isingewasubiri. Kumbukeni pia kwamba sehemu ya soya na virutubisho mnavyochanganya hutoka nje, kwa hiyo mwezi ambao deni linapanda ndio huo huo ambao malighafi inapanda, na mfugaji wa Njoro hawezi kuongezewa bei ya gunia kila wiki.

Mwambieni mwekezaji awakopeshe kwa shilingi. Ana njia ya kufanya hivyo, kwani tangu mwaka 2007 iko taasisi huko Amsterdam iitwayo TCX ambayo kazi yake ni kuwabebea wakopeshaji hatari ya kushuka kwa sarafu za nchi kama zetu, kwa malipo. Akirudi na kuwaambia kwamba kwa shilingi riba itakuwa asilimia 17, msikasirike. Hiyo ndiyo bei halisi ya mkopo wake, na sasa mnaweza kuilinganisha na ya benki. Mkopo wa dola unamfaa anayeuza kwa dola, kama vile msafirishaji wa parachichi au maua. Mwekezaji anayejua kwamba mnauza kwa shilingi na bado anashikilia dola amewaachia ninyi hatari ambayo yeye, mwenye wanasheria na wachumi, hakutaka kuibeba.

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi na wenzangu saba, kusini Unguja, tunasaga mwani na kutengeneza sabuni. Riba hatuitaki. Tajiri mmoja ametwambia atatia mtaji kwa njia ya mudharaba, faida tugawane nusu kwa nusu, lakini karatasi aliyoileta inasema hata tukipata hasara tumrejeshee mtaji wake wote. Hii ni mudharaba kweli?

JIBU: Waalaykumu salaam, dada yangu. Kwa sharti hilo, si mudharaba, na naamini sheikh yeyote mtakayemwonesha karatasi hiyo atawaambia hivyo. Katika mudharaba mwenye mali hutoa mtaji na mtendaji hutoa kazi yake. Ikija hasara isiyotokana na uzembe wala kuvunja masharti, mwenye mali hupoteza mali na mtendaji hupoteza jasho lake. Anayetaka nusu ya faida na mtaji wake wote kwa hali yoyote amewakopesha, kisha akaupa mkopo jina jingine. Kwenu jambo hili si la maandishi tu: maji ya bahari yakipata joto, mwani wa cottonii wenye bei nzuri huoza kwenye kamba, na mwaka wa namna hiyo mkataba huu ungewafanya muuze hata mashine ya kusagia.

Mpendekezeeni musharaka wa kupungua. Mnaingia ubia yeye na ninyi, hasara inagawanywa kwa kadiri ya mtaji wa kila upande, nanyi mnanunua fungu lake kidogo kidogo hadi biashara iwe yenu peke yenu. Kama mnachohitaji ni mashine tu, ulizeni PBZ au Amana Bank kuhusu murabaha, ambapo benki huinunua na kuwauzia kwa bei inayojulikana tangu mwanzo. Msisaini chochote kabla ya kusomewa chote kwa sauti, wote wanane mkiwapo.

SWALI: Ninaishi Toronto na ninaweza kuweka kando kama dola 150 kila mwezi. Nataka zifanye kazi kwa wafanyabiashara wadogo nyumbani Tanzania, zirudi, na niwe na hakika kwamba hazimnyonyi mtu. Nianzie wapi?

JIBU: Hakika kamili hutaipata, ndugu yangu, lakini unaweza kuikaribia. Wengi huanza na Kiva, iliyozinduliwa mwaka 2005 kwa wafanyabiashara saba wa Tororo, Uganda, ambapo mtu hukopesha kuanzia dola 25 bila riba. Ni njia halali, ila elewa inavyofanya kazi: wewe hupati riba, lakini taasisi ya hapa nyumbani inayomfikia mkopaji kwa kawaida humtoza, na mara nyingi mama unayemwona kwenye picha alishapewa mkopo wake kabla hujabonyeza kitufe, hivyo fedha zako zinajaza nafasi ya zile alizokwisha kupokea. Mtafiti David Roodman alilieleza hilo hadharani mwaka 2009, na Kiva ikarekebisha maelezo yake. Angalia gharama anayolipa mkopaji katika ukurasa wa kila taasisi kabla ya kuchagua sura inayokuvutia.

Nasisitiza gharama hiyo kwa sababu ya yaliyotokea Mexico. Compartamos, taasisi ya mikopo midogo, ilianza mwaka 1990 kama asasi isiyotafuta faida, ikakuzwa kwa misaada. Aprili 2007 wamiliki wake waliuza asilimia 30 ya hisa sokoni kwa zaidi ya dola milioni 400, wakati wanawake waliokopa kwake walikuwa wakilipa, ukijumlisha na kodi, karibu asilimia 100 kwa mwaka. Waliowekeza humo kwa nia njema walipata faida kubwa mno, na imetoka mikononi mwa wanawake hao.

Kwa kiasi chako, hati fungani za benki za nyumbani, yaani wewe unaikopesha benki nayo inakulipa riba, zinastahili kuangaliwa. Jasiri ya NMB, iliyotolewa mwaka 2022 kwa riba ya asilimia 8.5 ili kukopesha biashara za wanawake, ilitafuta shilingi bilioni 25 ikapata zaidi ya bilioni 74. Huko mwenye kubeba hatari ya mkopaji kushindwa ni benki kwanza, si wewe. Itakapotolewa nyingine kama hiyo, iandikie benki uulize riba wanayolipa wakopaji wenyewe.

Na kama yupo mtu unayemfahamu, fundi cherehani au mwenye duka la pembejeo, ambaye biashara yake umeiona kwa macho, mnaweza kupatana kwa mauzo. Unampa milioni nne. Anakutumia asilimia tano ya mauzo ya kila mwezi hadi afikishe milioni tano. Mwezi wa masika akiuza laki nane anakutumia 40,000, na mwezi wa sikukuu akiuza milioni mbili anakutumia 100,000. Hilo linahitaji daftari la mauzo ambalo wote wawili mnaliamini, shahidi mmoja kutoka kila upande, na mstari katika mkataba unaotaja mwaka ambao, ikiwa biashara imekufa bila kosa lake, hatadaiwa tena.