Waya umekatwa?

Wadogo zangu mnaoripoti Dodoma kuanza kazi kwenye ofisi za nishati, karibuni. Nawaandikia kuhusu swali ambalo mtapewa mapema kuliko mnavyodhani: nchi ikijitoa kwenye muungano, au ikibaki, kampuni za umeme, mafuta na gesi zinapata nini na kupoteza nini?

Mimi nilipewa Juni 2016, nikiwa na miezi minne kazini, ofisi ikiwa bado Dar es Salaam. Waingereza walikuwa wamepiga kura tarehe 23 kujitoa Umoja wa Ulaya. Nikaandika kurasa mbili kwamba umeme wa Ufaransa kwenda Uingereza utakoma. Mkuu wa kitengo akapigia mstari neno "utakoma", akaniuliza: "Waya umekatwa?"

Haukukatwa. Nyaya za IFA, zinazounganisha Ufaransa na Uingereza, zilizopita chini ya bahari na kufanya kazi tangu 1986 zikiwa na uwezo wa megawati 2,000, ziliendelea kupeleka umeme. Kilichobadilika ni soko. Walipokuwa ndani, mnada mmoja, uliofanywa siku moja kabla ya umeme kupelekwa, uliuza umeme pamoja na nafasi kwenye waya. Tangu Januari 1, 2021 mfanyabiashara hununua nafasi peke yake na umeme peke yake, na nafasi anailipia kabla hajajua bei ya ng'ambo itakuwaje. Akikisia vibaya, umeme unatoka kwenye bei ghali kwenda kwenye bei nafuu. Hasara ya namna hii hamtaisikia kwenye hotuba ya mwanasiasa yeyote. Tafuteni kwenye takwimu za saa kwa saa.

Halafu kuna sarafu. Baada ya kura ile pauni ilishuka dhidi ya dola hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1985. Waliokuwa wakinunua mafuta kwa dola na kuuza kwa pauni waliumia. Lakini hisa za BP na Shell pale London zilipanda ndani ya siku chache, kwa kuwa mapato yao ni ya dola. Kura moja, sekta moja, matokeo mawili! Kwa hiyo usiandike kamwe "kampuni za nishati zitaathirika". Taja kampuni ipi, inanunua kwa fedha gani, inauza kwa fedha gani.

Mpaka wa siasa nao usiwadanganye. Ireland Kaskazini ilitoka Umoja wa Ulaya pamoja na Uingereza, lakini umeme wake umebaki kwenye soko moja na Jamhuri ya Ireland, soko lililoanza 2007. Na kubaki si kusimama palepale: Muungano wetu upo, lakini Zanzibar ilitunga sheria yake ya mafuta na gesi mwaka 2016, huku umeme wa Unguja ukiendelea kutoka bara kupitia Ras Kiromoni hadi Fumba.

Mkikabidhiwa mkataba, anzeni na kifungu cha mabadiliko ya sheria, kisha sarafu ya malipo, kisha mahali pa kusuluhishia mgogoro. Mimi huandika pembeni kwa penseli: nani analipa?

Na wiki ya kwanza ombeni kupelekwa kituo cha kupoza umeme cha Zuzu, hukohuko Dodoma. Simameni chini ya njia ya kilovolti 400 inayoelekea Singida, ambako tawi moja linakwenda hadi Isinya, Kenya. Muulizeni fundi wa zamu umeme wa saa hiyo unaelekea upande gani.