Rigi Haikai: Ya Kujua Kabla ya Kutafuta Kazi za Gesi Nyanda za Juu Kusini

Tangu habari za heliamu ya bonde la Rukwa zisambae, vijana wengi wa Mbeya, Songwe na Iringa wanauliza swali moja: naingiaje kwenye kazi hizi? Kabla ya jibu, shika jambo moja ambalo wapiga debe wa ajira hawalisemi. Rigi, yaani mtambo wa kuchoronga visima, haikai. Inakuja kwa malori, inasimamishwa, inachoronga kwa wiki au miezi michache, inashushwa na kuondoka. Ukijiandaa kwa ajili ya rigi tu, siku inapoondoka unabaki na kofia ngumu na buti. Jiandae kwa ufundi ambao rigi inauhitaji leo na mtu mwingine atauhitaji kesho.

Wenzetu wa Marekani walijifunza hili kwa gharama kubwa. Katika jimbo la North Dakota, mafuta yaliyomo kwenye miamba migumu ya matabaka, ile inayopasuliwa kwa maji yenye shinikizo kubwa, yalivuta watu kutoka kila upande. Mwaka 2014 jimbo lilipita mapipa milioni 1 kwa siku. Bei ilipoanguka, kutoka zaidi ya dola 100 kwa pipa katikati ya mwaka huo hadi chini ya dola 30 mwanzoni mwa 2016, mitambo iliyokuwa ikichimba ilishuka kutoka zaidi ya 180 hadi chini ya 40. Visima vya aina ile hupungua nguvu haraka, sehemu kubwa ndani ya mwaka wa kwanza tu, kwa hiyo uchorongaji ukisimama, ajira nazo zinasimama. Waliovuka salama ni wale ambao ufundi wao uliweza kuhamia kwingine.

Huku kwetu kazi hazijajipanga pamoja, ila zipo. Rukwa ilichorongwa tangu 1987, pale Amoco ilipotafuta mafuta kwenye visima vya Ivuna na Galula isipate ya kuvuna. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham walitangaza kwamba bonde hilohilo lina heliamu nyingi, na mwaka 2024 kisima cha Itumbula kilitoa gesi yenye heliamu zaidi ya asilimia 5, kiwango kikubwa kwa gesi hiyo. Kule Ikama, Rungwe, hewa ya kaboni (kaboni dioksidi) inavunwa kutoka ardhini kwa ajili ya viwanda. Kuna miradi ya jotoardhi ya Ngozi na Kiejo-Mbaka chini ya TGDC, kampuni ya serikali ya jotoardhi. Kuna bomba la TAZAMA, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, linalopita mikoa yetu tangu 1968 na lenye vituo vya kusukumia mafuta Iringa na Mbeya. Ongeza dhahabu ya Chunya, makaa ya Kiwira, na visima vya maji vya RUWASA, wakala wa maji vijijini. Fundi bomba, fundi umeme, mchomeleaji, drila (anayeendesha mtambo wa kuchoronga), dereva wa mitambo mizito: ni walewale kote huko. Ukikubali kusafiri, gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay nayo inawahitaji haohao.

Ukitaka kuingia upande wa kuchoronga, usisubiri rigi ya gesi. Anza kama ofsaida kwenye mtambo wa maji au wa utafiti wa madini. Ofsaida ni msaidizi wa drila: anaunga na kufungua mabomba ya kuchorongea, anapaka grisi kwenye nyuzi za maungio ya mabomba, anahesabu mabomba yaliyoshuka, anaandaa tope. Kazi ya kuhesabu inaonekana ndogo, lakini ukikosea bomba moja, kina chote kilichoandikwa kinakuwa cha uongo, na mjiolojia atachukua sampuli akidhani inatoka mahali ambapo haikutoka.

Tope ndilo shule yenyewe. Wageni wengi hudhani ni maji machafu ya kupoza ncha. Tope linapoza, ndiyo, lakini pia linabeba vipande vya mwamba kuja juu, linashikilia kuta za shimo zisibomoke, na uzito wake ndio unaoikandamiza gesi iliyo chini isipande. Kulichanganya kuna utaratibu. Kwanza pima maji. Maji yenye chokaa nyingi hayaiachi bentonaiti, ule udongo wa kutengenezea tope, ivimbe, kwa hiyo hutangulizwa soda eshi, ndugu wa magadi, kiasi cha kilo 1 kwa kila mita moja ya ujazo, ikorogwe mpaka iyeyuke yote. Ndipo bentonaiti inafuata, kilo 60 hivi kwa mita ya ujazo, ikimwagwa polepole kupitia faneli ya kuchanganyia huku pampu ikizunguka. Mwenye haraka hutupa mfuko mzima kwa mkupuo mmoja. Nje mabonge yanalowa, ndani yanabaki makavu, yanaziba vichujio, na tope linabaki jepesi japo mifuko imekwisha. Ukimaliza liache livimbe kwa saa kadhaa kabla ya kulitumia.

Kisha unapima. Faneli ya Marsh, inayopima uzito wa mtiririko wa tope, inajazwa mpaka alama yake, unaachia kidole, unahesabu sekunde mpaka mililita 946 zitoke. Maji matupu hutoka kwa sekunde 26. Ukipata 28 kwenye tope lako, bado ni maji. Tope la kazi mara nyingi huwa kati ya 35 na 50, kutegemea shimo. Mizani ya tope nayo inakupa uzito: maji ni 1.00, na kila unachosoma juu ya hapo kinaandikwa pamoja na saa. Anayeandika kipimo ambacho hakukipima ni mtu wa hatari kwenye rigi. Afadhali useme hujapima.

Mtu wa chini kabisa, yule anayekaa karibu na chekeche la tope na matangi, ndiye mara nyingi anayeona balaa la kwanza. Tope likiongezeka kwenye tangi bila mtu kumwaga kitu, au pampu zikizimwa na tope likaendelea kutoka shimoni, kuna gesi au maji ya chini yanayosukuma kuingia. Hapo huendi kuhakikisha mara ya tatu wala kumtafuta msimamizi kantini. Unamwambia drila papo hapo, kwa sauti. Drila anasimamisha kazi, anaangalia mtiririko na kufunga kisima. Dakika chache za kuona haya zinaweza kuchoma mtambo wote. Na ukiona kinyume chake, tope linapungua, linaenda kwenye nyufa za mwamba. Hilo nalo ni la kusema mara moja, kwa sababu tope likishuka shimoni, uzito unaoizuia gesi unapungua.

Upande wa uchomeleaji ndiko wengi wetu tuna mwanzo mzuri, kwa kuwa mafundi wa mageti na matrela wamejaa Mwanjelwa, Mafinga na Makambako. Ila geti na bomba la gesi ni vitu viwili tofauti. Mtihani unaofungua milango unaitwa 6G: bomba linafungwa kwa pembe ya nyuzi 45, haliruhusiwi kuzungushwa, na wewe ndiye unayelizunguka. Kingo za mabomba zinakatwa mshazari wa nyuzi 30 kila upande, zinaachwa na uso wa kama milimita 1.6 ambao haukukatwa, na mwanya wa milimita hizohizo kati ya bomba na bomba kwa mzizi wa kushuka, yaani mshono wa kwanza wa ndani unaochomelewa kutoka juu kwenda chini. Mwanya ukiwa mwembamba, chuma hakipenyi ndani. Ukiwa mpana, unatoboa. Wengi huangukia kwenye mzizi, na wengi zaidi huangukia kwenye maandalizi ya grenda, kabla hata ya kuwasha mashine.

Kwa mzizi hutumika sana vijiti vya kuchomelea vya aina ya 6010, kisha kwenye kujaza vya 7018. Hivi vya 7018 ndivyo vinavyowaangusha mafundi wa huku bila wao kujua. Vinanyonya unyevu wa hewa, na Rungwe mvua ni ya karibu mwaka mzima. Kijiti chenye unyevu kinaingiza hidrojeni kwenye chuma: kwa nje mshono unang'aa, kwa ndani una vitundu, au unapasuka saa kadhaa baadaye bomba likiwa limepoa. Pakiti ikifunguliwa, vijiti vinakaa kwenye tanuri dogo lenye joto, na fundi anachukua vya kutumia ndani ya saa 4. Vilivyozidi muda huo vinaokwa upya kwa joto la zaidi ya nyuzi 260 kwa saa 2 hivi, kama mtengenezaji anavyoelekeza. Kuvianika juani au kuvipasha juu ya jiko la mkaa si kuoka. Picha ya eksirei itakuumbua.

VETA Mbeya na Iringa ni mahali pa kuanzia. Chukua daraja la kwanza mpaka la tatu bila kuruka. Baadaye ndipo utafute mtihani wa bomba, na kabla ya kuulipia jizoeze kwa vipande chakavu mpaka uchomelee vitano mfululizo, uvikate, uvikunje, visipasuke. Mtihani una gharama. Mazoezi ya vyuma chakavu ni nafuu zaidi.

Vyeti ni eneo la ulaghai mwingi, na inauma kuona mzazi ameuza mahindi au ng'ombe kwa ajili ya karatasi isiyotakiwa. Kozi ya kujiokoa baharini ni ya wanaokwenda kwenye mitambo ya baharini; ya nini Momba? Cheti cha udhibiti wa kisima cha IWCF, jukwaa la kimataifa la fani hiyo, huhitajika kwa drila na wale walio karibu kupanda ngazi hiyo, anayeanza hakimsaidii. Na wakala wa ajira haruhusiwi kukutoza wewe mtafuta kazi. Anayedai hela ya fomu, ya vipimo au ya "kushika nafasi", mwache aende. Kazi za vibarua wa kijijini, kama kusafisha njia za upimaji wa mitetemo, kubeba nyaya na kuchomeka geofoni (vifaa vya kunasa mitetemo ardhini), kwa kawaida hupitia serikali ya kijiji, kwa hiyo jina lako liwe kwa mtendaji mapema. Hudumu wiki chache. Fedha yake itumie kulipia chuo.

Ukianza kazi, kuna gesi tatu za kuzifahamu, maana kila moja inaua kwa njia yake. Hidrojeni salfaidi inanuka yai viza, na hapo watu hudanganyika: ikizidi, pua inakufa ganzi na unadhani imeondoka. Kengele nyingi hutegwa kulia kwenye sehemu 10 kwa milioni. Ikilia, tazama soksi ya upepo (mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo unakoelekea), ukatishe upepo kisha uelekee unakotoka, usikimbilie bondeni, na usimrudie aliyeanguka bila mtungi wa hewa. Hewa ya kaboni haina harufu na ni nzito, inalala kwenye mashimo na mitaro. Wa Rungwe wanaijua tabia hiyo. Heliamu ni nyepesi, haiwaki wala haina sumu, ila ikijaa ndani ya chumba kilichofungwa inafukuza oksijeni, na mtu anaanguka bila kuhisi lolote.

Mkataba usome kabla ya kusaini, hata kama gari la kazini linapiga honi. Kwa sheria yetu ya kazi ya 2004, wiki ni saa 45, saa za ziada zisizidi 50 katika wiki 4, na kila saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu. Kazi ya saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5. Zamu za saa 12 ni za kawaida kwenye rigi, lakini mpangilio wake lazima uwe kwenye makubaliano ya maandishi. Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, hukatwa kwako si zaidi ya asilimia 10; mchango wa WCF wa fidia kwa wafanyakazi na tozo ya mafunzo ya SDL hulipwa na mwajiri mwenyewe. Ukiviona kwenye makato ya mshahara wako, uliza, tena kwa maandishi. Salio la NSSF liangalie kila mwezi, kwa sababu mkandarasi mdogo akishaondoka na rigi, kumfuatilia ni safari ndefu.

Wasiotaka rigi wana nafasi kubwa kuliko wanavyodhani. Kambi ya watu 80 inakula mara tatu kwa siku. Mchele wa Mbarali, viazi vya Njombe, nyanya za Iringa, mbao za Mufindi: mali tunayo. Kinachokosekana ni karatasi na mtaji wa kusubiri. Andaa TIN, usajili wa BRELA, leseni ya biashara, cheti cha kutodaiwa kodi, risiti za EFD na akaunti ya benki yenye jina lilelile lililo kwenye usajili. Herufi moja ikitofautiana, ankara inarudishwa. Kwa mafuta na gesi jiandikishe kwenye kanzidata za wazabuni za PURA na EWURA, mamlaka za serikali zinazosimamia sekta hiyo. Heliamu kwa sheria zetu ni madini, kwa hiyo mlango wake ni Tume ya Madini na kanuni za ushirikishwaji wa Watanzania za 2018.

Malipo huja siku 30 mpaka 60 baada ya ankara kupokelewa, wakati mwingine zaidi. Piga hesabu hivi: ukipeleka vyakula vya milioni 3 kwa wiki, na malipo yakachukua siku 60, unahitaji karibu milioni 26 za kuzungusha kabla hujaona shilingi. Huna hizo? Omba sehemu ndogo, mayai peke yake au mboga peke yake, au ungana na wenzako wa kikundi. Kwa upande wa huduma, kama usafiri au ufuaji, unaweza kukatwa kodi ya zuio. Dai cheti chake kila mara, maana kiasi hicho kinapunguzwa kwenye kodi yako ya mwaka. Na wakati unasaini oda ya kwanza, uliza tarehe ambayo rigi inatarajiwa kushushwa, uiandike ukutani, ili usije kuchukua mkopo wa friji unaomalizika miezi mingi baada ya tarehe hiyo.