Kwa nini mbwa wa kuwinda humpita ndege aliye karibu bila kumnusa?

SWALI: Daktari, ninaishi Trondheim, na Septemba iliyopita wenzangu wa kazini walinichukua milimani kuwinda rype, ndege wa ukoo mmoja na kwale, tukiwa na mbwa wawili aina ya setter. Asubuhi mbwa mmoja aliganda ghafla, kama wafanyavyo setter wakinusa ndege, na baada ya muda ndege wakaruka kutoka kwenye vichaka, hatua kama hamsini mbele yake. Mchana mbwa huyo huyo alimpita ndege aliyejibanza hatua tatu tu kutoka alipopita. Mimi ndiye niliyemwona kwanza. Je, pua ya mbwa huchoka? Na mbwa humnusa ndege kutoka umbali gani hasa?

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na swali lako la pili, kwa sababu ndilo linalowapotosha wengi. Pua ya mbwa haina umbali wake maalumu kama bunduki. Mbwa hamnusi ndege aliye mbali; ananusa chembe za harufu zilizokwisha kumfikia puani, na kama hazikumfikia, ubora wa pua hausaidii kitu. Seli zake za kunusa hukadiriwa kuwa zaidi ya milioni 200, na zetu ni milioni 5 au 6 tu, lakini hesabu hiyo haikuambii lolote kuhusu siku ile ya mlimani.

Kwa hiyo, kabla ya kumlaumu mbwa, kumbuka upepo ulikuwa ukitoka wapi alipompita yule ndege. Mabaharia wetu wana maneno mawili yanayofaa sana hapa: joshini, upande unakotoka upepo, na demani, upande unakoelekea. Mbwa anayepita demani mwa ndege anaweza kumpata kutoka hatua hamsini au zaidi, kwa kuwa harufu inaletwa kwake. Akipita joshini, hatua tatu ni sawa na maili tatu. Tena harufu haisambai sawasawa kama rangi ndani ya maji, bali husafiri kwa vijishipa vilivyokatikakatika, vyenye nafasi tupu kati yake, na ndiyo maana mbwa mzuri hukimbia akiukata upepo kwa mapana, kulia na kushoto, ili akutane na kimojawapo. Asubuhi, ardhi ikiwa na unyevu na upepo ukivuma taratibu bila kugeukageuka, vijishipa hivyo hutambaa chini kwenye kimo cha pua. Mchana jua likishapasha ardhi, hewa hupanda na kuichukua harufu juu.

Sasa kuhusu uchovu. Mbwa anayekimbia hupoza mwili kwa kuhema kwa mdomo, na ungetarajia kwamba wakati huo pua haifanyi kazi. Wanasayansi wa huko huko Norway waliupima mwendo wa hewa kwenye pua na midomo ya mbwa wa kuwinda ndege, wakachapisha matokeo mwaka 1996. Waligundua kwamba mbwa anayekimbia dhidi ya upepo akiwa ameinua kichwa huweza kuingiza hewa puani mfululizo, bila kukatiza, kwa muda unaofikia sekunde 40, ilhali mdomo unaendelea kuvuta na kutoa pumzi mara 30 au zaidi. Hewa inayopita mdomoni kwa kasi hupunguza shinikizo upande wa ndani, na hivyo hewa mpya huendelea kuvutwa kupitia puani. Mimi huona hili kuwa la ajabu kuliko ile hesabu ya seli. Hata hivyo, mbwa asiye na mazoezi, au aliyekaukiwa na maji, hupungukiwa sana na uwezo wa kunusa baada ya kukimbia kwa muda, kwa hiyo ndiyo, kwa maana hiyo pua huchoka, ingawa kinachochoka hasa ni mwili mzima.

Lipo jambo la tatu, nalo wawindaji wengi hawalifikirii: ndege mwenyewe. Harufu yake hutoka kwenye ngozi, pumzi, kinyesi na mafuta anayojipaka manyoyani kutoka kwenye tezi iliyo juu ya mkia. Nchini Uingereza, mtafiti Peter Hudson na wenzake walifanya jaribio kwa ndugu wa karibu kabisa wa rype anayeishi kwenye nyika za huko, na kulichapisha mwaka 1992. Majike waliopewa dawa ya minyoo ya utumbo walipatikana na mbwa mara chache kuliko wale ambao hawakupewa. Huenda minyoo humzuia ndege kuidhibiti harufu yake. Nao watafiti wa Uholanzi walionyesha mwaka 2005 kwamba baadhi ya ndege wa pwani, wale wenye midomo mirefu wanaochokoa matope maji yakipwa, hubadilisha nta ya manyoya yao msimu wa kuatamia, na mbwa aliyefunzwa alipata shida zaidi kuinusa nta hiyo mpya. Wewe uliwinda Septemba, msimu wa kuatamia ukiwa umepita, kwa hiyo sababu hii ya mwisho haikuhusu. Lakini inaonyesha kwamba kiumbe anayejificha anaweza kuificha hata harufu yake. (Wasomaji wetu wanaotembea porini na mbwa huku nyumbani wajue kwamba bafe naye ni hivyo hivyo: katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2015, mbwa walishindwa kumtambua bafe kwa harufu. Usimtegemee mbwa akulinde na nyoka huyo.)

Kwa maelezo uliyonipa, hatua hamsini za asubuhi hazinishangazi, na kuhusu ndege wa mchana ninaushuku upepo kwanza, kisha joto, kisha utulivu wa ndege aliyejibanza bila kutikisika. Safari ijayo waombe wenzako waanzie demani hata kama ni kuzunguka kilima kizima, wampumzishe mbwa na kumpa maji kabla hajaonyesha kiu, na sehemu wanazozitumainia zaidi waziache za jioni, ardhi inapopoa. Nawe mtazame kichwa. Akikiinua na kupunguza mwendo, harufu inamjia hewani kutoka kwa ndege aliyepo. Akiinamisha pua na kufuatafuata majani, huenda anasoma tu mahali ndege alipopita kwa miguu.