Mbona Italia pua, Dodoma viungo?

SWALI: Shikamooni. Mwaka 2020 shemeji yangu aliyeko Italia aliugua UVIKO-19, akawa hasikii harufu hata ya kitunguu kinachoungua. Mapema 2022 nyumbani kwangu tulipimwa tukakutwa nao, lakini sisi ilikuwa kichwa, mafua, koo na viungo. Pua zilinusa kama kawaida. Ni ugonjwa mmoja kweli?
Mama wa Nkuhungu, Dodoma

JIBU: Marahaba, mama. Ni huohuo, ila tazama tarehe kabla ya ramani. Kirusi cha 2020 kilidhuru seli zinazohudumia mishipa ya kunusa, ndiyo maana wengi walipoteza harufu hata bila mafua. Omicron, aina ya kirusi hichohicho iliyotangazwa Novemba 2021, hupendelea koo na njia ya juu ya hewa. Huenda nyinyi mlipata hiyo.

Mahali nako kuna mchango wake. Tafiti za mwanzo zilikuta waliopoteza harufu ni wachache Asia ya Mashariki kuliko Ulaya. India mwaka 2021 walisumbuliwa na fangasi weusi, maambukizi hatari ya pua na macho, hasa wenye kisukari kisichodhibitiwa waliopewa dawa za steroidi, ambazo hushusha kinga. Hapo kisukari na dawa vilichangia, si kirusi peke yake. Italia ina wazee wengi, na mwanzoni waliopimwa zaidi ni waliozidiwa hospitalini, kwa hiyo orodha ya dalili ikawa ya mahututi. Kwetu zaidi ya nusu ya watu hawajafika miaka 20.

Kinachotuponza hapa ni mazoea. Homa na viungo vikiuma, mtu anakimbilia dawa mseto ya malaria bila kupima, na Dodoma malaria si nyingi kama Kanda ya Ziwa. Pima kwanza. Kipimo kikionyesha huna malaria, usiishie hapo. Kikionyesha unayo, bado UVIKO unaweza kuwepo pamoja nayo. Kikohozi cha kiangazi nacho husingiziwa vumbi, lakini vumbi haliji na homa ya nyuzi 38.

SWALI: Nitajuaje mgonjwa wa nyumbani anazidiwa?

JIBU: Hesabu pumzi. Mgonjwa akiwa ametulia, tazama kifua kinavyopanda kwa dakika nzima. Usihesabu nusu dakika ukazidisha, utakosea. Mtu mzima akifika 30, mpeleke hospitali. Mtoto wa mwaka 1 hadi 5 ni 40, wa miezi 2 hadi 11 ni 50.

Ukiwa na kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni, mgonjwa akae dakika 5, mkono uwe na joto, rangi ya kucha au piko vitoke. Piko ikigoma kutoka, tumia kidole kisichopakwa. Subiri namba itulie. Chini ya asilimia 94, nendeni kituoni. Chini ya 90 ni dharura. Kwenye ngozi nyeusi kipimo hiki wakati mwingine husoma juu kuliko hali halisi, kwa hiyo anayehema kwa shida na kipimo kinasema 96, mwamini yeye, mpeleke.