Wasomaji Wauliza: Viboksi vya ukutani vinatembea, nani anavisogeza?

Swali, kutoka Jinja: Kaka, salamu. Mimi nachora mabango na kuta za maduka. Mama mmoja wa saluni kanitumia picha kwa WhatsApp, ni viboksi vyeusi na vyeupe tu, lakini nikiikazia macho naona katikati inazama ndani afu inatikisika. Anataka nimchoree hiyo hiyo ukutani. Hii si kazi ya kompyuta kweli? Brashi itaweza? Na kama ni viboksi tu, mbona wanaiita sanaa?

Jibu: Kaka yangu, brashi itaweza, na ilishaweza zamani. Kwa ulivyoieleza hiyo picha inafanana sana na Movement in Squares ya Bridget Riley, mama wa Uingereza aliyezaliwa London mwaka 1931, na aliichora mwaka 1961 kwa mkono. Iangalie tena polepole, usiangalie mkunjo, angalia boksi moja moja. Urefu wa kwenda juu ni ule ule kwa viboksi vyote, kinachobadilika ni upana, vinapungua vinapungua mpaka vinabaki vijiti vyembamba, halafu vinaanza kupanuka tena. Basi. Hakuna kivuli hata kidogo, hakuna kijivu, hakuna mkunjo. Mkunjo unauweka wewe mwenyewe, kwa sababu macho yako yamezoea toka utotoni kwamba kitu kikigeukia upande kinaonekana chembamba, so ubongo ukiona vinakonda hivyo unaamua wenyewe kwamba hapo ukuta umezama.

Na ile kutikisika, ni macho. Hata ukikazia sehemu moja macho hayatulii kabisa, yanacheza kidogo kidogo muda wote, kwa kawaida ubongo unalifuta hilo husikii kitu, lakini nyeusi ikigusana na nyeupe mara nyingi hivyo, karibu karibu, kule kufuta kunashindikana. Wanasayansi bado wanabishana juu ya sehemu za ndani za jambo hili ila hilo la macho kucheza ni sababu moja kubwa.

Sasa ulipouliza mbona ni sanaa, hapo ndo mimi naipenda kabisa hii kazi. Mchoraji wa kawaida anakumalizia picha, wewe unakuja kuangalia tu. Huyu anakupa nusu, nusu nyingine inatokea ndani ya kichwa chako ukiwa umesimama pale, ukiondoka haipo. Mwingine wa sanaa hii ni Victor Vasarely, mzaliwa wa Hungary mwaka 1906 aliyehamia Paris na kufanya kazi za matangazo (ndiyo kaka, matangazo, kama wewe!), miaka ya 1930 alichora punda milia wawili waliojikunja pamoja bila kuwachorea mstari wa pembeni hata mmoja, ni milia tu, lakini unawaona shingo, mgongo, miguu. Ukishawaona punda milia wa hifadhi ya Ziwa Mburo wamesongamana utaelewa haraka alichokuwa anakifuata.

Haya, kazi yenyewe. Ukuta lazima uwe laini, plasta ikiwa na mabonde umekwisha. Piga nyeupe mikono miwili, isiyong'aa, maana inayong'aa inarudisha taa na jicho linaacha mistari linafuata mwanga. Tumia pima maji na kamba ya chaki, usiamini jicho lako kabisa, ndilo linalodanganywa hapa. Kwa mazoezi jaribu safu zenye urefu wa sentimita 20, na upana uende 20, 18, 15, 11, 7, 4, 2, kisha urudi 4, 7, 11, 15, 18. Selotepu ya karatasi kila ukingo, ukingo ukitambaa rangi basi picha inakufa. Anza na karatasi kwanza, Riley mwenyewe hupanga kila kitu kwa karatasi kabla ya turubai.

Ila usimnakilie huyo mama picha ya mtu. Mwaka 1965 jumba la makumbusho la MoMA kule New York lilifanya maonyesho makubwa ya hii sanaa ya kiinimacho, na Riley alipofika akakuta michoro yake imeshageuzwa nguo za madukani bila ruhusa yake, iliiumiza sana roho yake. Tengeneza ya kwako, mabadiliko ya upana yaweke unavyotaka wewe. Na usiiweke mbele ya viti, mteja anasukwa masaa mengi, mistari ya hivi inawaletea wengine kichwa kuuma na wachache wenye kifafa inaweza kuwachokoza. Weka ukuta wa mlangoni, watu wapite.

Swali, kutoka kwa mwalimu wa Kumi: Wanafunzi wanasema miduara iliyochorwa zamani kwenye miamba ya Nyero, hapa kwetu Kumi, ni sanaa hiyo hiyo ya kiinimacho, ila ya kwetu na ya kale. Niwajibu nini?

Jibu: Mwalimu, nusu wako sawa na ni nusu nzito. Kuchora umbo tupu, bila mtu bila ng'ombe, watu wa hapa walifanya kabla sana ya mchoraji Malevich kuonyesha kule Urusi picha yake ya Mraba Mweusi mwaka 1915, na kwenye vitabu vingi inaandikwa kama jambo limeanzia Ulaya, hilo linanikera. Nusu ya pili hapana. Ile miduara myekundu ndani ya miduara haitikisiki, nafasi zake ni pana na hazilingani, haikuchorwa kuchezea macho, na maana yake wataalam bado wanaitafuta. Waonyeshe kwa vitendo: wachore kwa kompasi miduara mingi myembamba, nafasi za milimita 2 zote sawa, wailinganishe na picha ya Nyero. Watumie kalamu nyeusi, penseli inatoa kijivu na haitafanya kazi vizuri.