Jibu: Walimu, mnaonaje Historia na Jiografia kuwa somo moja?
Mwalimu mwenzangu, umeuliza kama kuunganisha kunaua Historia. Nimefundisha Maarifa ya Jamii, somo lililounganisha hayo mawili, miaka kadhaa, na kwangu kuunganisha kuliipa Historia uhai. Chukua Kilwa, mji wa kale wa biashara kwenye pwani yetu. Ukisema tu ilitajirika kwa dhahabu ya Sofala, bandari iliyo Msumbiji ya leo, watoto wanakariri. Siku moja nilichora pwani ubaoni, nikaweka mishale ya pepo za msimu: kaskazi inayoleta majahazi kutoka Uarabuni, na kusi inayoyarudisha. Mtoto wa nyuma akauliza, “Kwa hiyo jahazi likikosa kusi, linasubiri msimu mwingine?” Ndiyo! Hapo wakaelewa kwa nini wafanyabiashara walikaa miezi, wakaoa, wakajenga.

Kinachoniuma ni mwalimu aliyesomea Jiografia pekee kupita Historia juujuu, au kinyume chake. Apewe mafunzo kabla ya kukabidhiwa vipindi, siyo baadaye.